Nimeiona Masta ya Itiryo, na Mpaka Sasa Sijatulia

Jamani, ipo! Ipo Itiryo, kule kwenye vilima vya Tarime vinavyotazama mpaka wa Kenya, katikati ya migomba na mahindi: chumba cha kulala chenye choo chake, bafu lake, mlango wake na maji yake. Masta kamili! Rangi bado inanuka. Nailoni ya dukani bado imeganda kwenye mfuniko wa sinki. Wenye nyumba hawajalala humo hata usiku mmoja, na mimi nimeshaingia, nimefungua kila koki, nimegonga kila ukuta, nimejifungia ndani kimya kusikiliza kama maneno ya sebuleni yananifikia. (Yananifikia. Tutalizungumza.)

Hukumu yangu naitoa mapema ili asiyeweza kungoja aende akachimbe msingi: hiki ndicho chumba bora kabisa ambacho familia ya kijijini inaweza kujijengea leo. Hakishindwi na sebule yenye silingi ya ngazi tatu wala na baraza lenye nguzo za kizungu. Lakini kina sharti moja, nami nitalirudia mpaka fundi achoke kunisikia: masta isiwe choo pekee cha ndani. Ikiwa ndiyo pekee, hamjajenga faragha. Mmejenga njia ya umma inayopita ubavuni mwa kitanda chenu.

Ilivyotufikia

Wengi wetu masta hatukuiona kwanza nyumbani. Tuliiona gesti. Unafika Musoma au Sirari usiku, mhudumu anakuuliza kwa sauti ya uchovu kama unataka chumba cha kawaida au selfu, nawe unapiga hesabu ya mfukoni haraka huku unawaza ile korido, zile ndala zisizo na mwenyewe, na foleni ya alfajiri ya watu waliobeba miswaki wakikwepana macho. Ukiongeza hela unanunua haki ya kutosalimiana na mtu kabla hujanawa uso. Waliohamia Dar es Salaam wameijua kwa mdomo wa dalali: chumba masta, maji ndani, umeme unajitegemea. Hapo unaelewa kwamba mtu yuko tayari kukaa kwenye chumba kimoja tu maishani, mradi choo kisiwe cha wapangaji wote wa ile nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na bafu moja uani.

Mkoa wa Mara una mlango wake mwingine, nao ndio unaoifanya hii ya Itiryo iwe tamu zaidi. Ni hifadhi. Serengeti imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1951, na ndani yake mgeni analala kwenye hema. Hema la turubai! Simba ananguruma nje, lakini nyuma ya kitanda kuna zipu, na nyuma ya zipu kuna choo, kioo na shawa. Vijana wetu wa Tarime na Serengeti ndio wanaopandisha yale maji. Wanachemsha kwa kuni, wanajaza ndoo, wanaivuta juu kwa kamba, kisha wanaulizia kutoka nje kama mgeni yuko tayari. Mwenye nyumba hii alifanya kazi hiyo kambini kwa miaka. Amewamwagia wageni maji ya moto usiku kwa usiku, halafu likizoni anarudi kwao anatoka na tochi kwenye matope kwenda choo cha shimo. Alipoanza kujenga, mchoro ulikuwa tayari kichwani mwake. Kama turubai linaweza kuwa na choo chake, tofali la kuchoma limekosa nini?

Mlango kwanza

Twende ndani! Unasimama chumbani, kitanda kiko kushoto, na mlango wa bafu uko ukuta wa mbali, umejificha nyuma ya kabati la nguo. Mtu akichungulia kutoka koridoni haoni bafu. Haoni hata kwamba lipo. Nimesimama kizingitini nikainama, nikanyanyuka, nikachuchumaa, nikajaribu kila pembe ya umbea: hakuna. Kazi safi!

Mlango wenyewe ni wa mbao, mzito, una kitasa cha kweli na komeo juu yake. Nilikuwa naogopa nitakuta ule wa aluminiamu wenye kioo cha ukungu, ambao mafundi wanaupenda sana siku hizi. Ule kioo unakuficha sura lakini unamwonyesha mtu kivuli chako chote, kikinyanyua kopo na kikiliweka chini. Huo si mlango, ni sinema. Na kuna hoteli kubwa mijini, hapa kwetu na ng'ambo, ambazo siku hizi zimefika mbali zaidi: ukuta wa bafu ni kioo kitupu, kitanda upande huu, sinki upande ule, wanandoa wanatazamana. Mimi msimamo wangu haujabadilika. Ndoa inahitaji mapenzi, uvumilivu na ukuta wa tofali. Kumpenda mtu hakukulazimishi kumsikiliza tumbo.

Sakafuni kuna tailizi za kukwaruza, zile zisizoteleza, na mteremko mdogo unaopeleka maji kwenye kona. Nimemwaga ndoo nzima kujaribu. Maji yamekwenda yalikotakiwa, hayakuvuka kizingiti kwenda chumbani hata tone. Kile kizingiti kimeinuliwa kama unene wa vidole viwili, na hapo ndipo ilipo tofauti ya godoro kavu na godoro lenye ukungu.

Sinki: kukaa au kuchuchumaa?

Huku ndiko magomvi yaliko, nami nayaingia kwa miguu yote miwili. Masta imewekwa sinki la kukaa. Choo cha ndani cha wote, kilicho upande mwingine wa nyumba, kimewekwa la kuchuchumaa. Nimepiga makofi kwa nguvu!

Sababu ni hii. La kukaa ni la watu wawili wanaofahamiana usafi wao, na ni la magoti yanayozeeka. Siku mzee wa nyumba akivunjika nyonga au mama akitoka kujifungua, sinki la kukaa hatua nne kutoka kitandani ni dawa kabla ya dawa. La kuchuchumaa ni la wageni, kwa sababu hakuna ngozi ya mtu inayogusa kitu, na mgeni wetu hana haja ya kupanda juu ya sinki na viatu kwa hofu ya alichoacha aliyetangulia. Kila sinki limepata watu wake. Pembeni ya yote mawili kuna koki ya chini na kopo, kwa sababu karatasi peke yake haijawahi kumridhisha mtu aliyezoea maji.

Maji, maji, maji

Sasa moyo wa mashine. Choo cha kuflashi bila maji ni kiti tu, tena kiti kibaya. Hapa Itiryo maji yanatoka juu ya paa: bati, gata pande zote mbili, simtanki la lita 5,000 kwenye mnara wa tofali. Nilitoa kalamu palepale.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Vilima vya Tarime vinapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 120 basi linapokea lita 120,000. Toa sehemu ya tano iliyoruka, iliyovuja na iliyosafisha vumbi la kwanza, zinabaki lita 96,000. Sasa upande wa matumizi: watu sita, kila mmoja mara tano kwa siku, lita 6 kila anapobonyeza, ni lita 180 kwa siku, karibu lita 65,700 kwa mwaka. Mmeona? Paa lenyewe linaflashi choo mwaka mzima na chenji inarudi!

Ila mvua haiji kwa mafungu sawa kama mshahara. Simtanki likijaa masika, kinachozidi kinamwagikia migombani. Halafu inakuja Juni, Julai, Agosti. Lita 5,000 kwa lita 180 kwa siku ni siku 27, na hapo hakuna aliyeoga. Hapa ndipo nilipokipenda kile kitufe chenye sehemu mbili: ndogo lita 3, kubwa lita 6. Haja ndogo ikipewa kitufe kidogo, mara nne kati ya zile tano, watu walewale sita wanatumia lita 108, na tanki lilelile linafika siku 46. Kidole kimoja chenye adabu kimeongeza siku 19! Ongeza maji ya kufulia yaliyohifadhiwa kwenye pipa, yanayomwagwa kwa ndoo moja kwa moja kwenye sinki, na kiangazi kinapita bila mama kutumwa mtoni kwa ajili ya choo.

Shawa je? Niwe mkweli kwa wapenzi wa shawa: inadondosha. Ili upate presha ya bar moja unahitaji maji yaliyo mita 10 juu ya kichwa chako, na mnara huu haukaribii hapo. Yanatosha kujaza tanki la kuflashia bila haraka, hayatoshi kusuuza povu kwa raha. Lakini ngoja, ngoja, ngoja! Angalia juu. Kuna ndoano darini, kuna kapi, kuna kamba, na kuna ndoo yenye koki chini yake. Ile shawa ya kambini! Maji ya moto yanatoka jikoni kwenye mafiga, yanamiminwa, kamba inavutwa, koki inafunguliwa. Nimeoga. Nilikuwa mgeni wa watu na nimeoga. Jioni ya Tarime, baridi ya miinuko inaingia mpaka kwenye kucha, na maji ya moto yanakushukia kichwani bila hita, bila umeme, bila bili. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho ningekiiba nikakipeleka kwenye kila nyumba kati ya hapa na Mugumu.

Harufu, na bomba la Cumming

Wazee wengi wanapinga choo cha ndani kwa hoja moja yenye nguvu: uchafu na chungu cha ugali haviwezi kulala chini ya paa moja. Siwacheki. Kwa choo cha shimo wako sahihi mia kwa mia. Ila kilichobadilisha kesi hii ni kitu kidogo mno. Mwaka 1775 fundi saa mmoja wa London mzaliwa wa Scotland, Alexander Cumming, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopinda. Maji kidogo yanabaki kwenye ile kona, na hewa ya shimoni haiwezi kuyapita. Basi! Hakuna mashine, hakuna dawa. Sentimita 5 za maji zimesimama mlangoni kama askari.

Kwa hiyo unapokagua masta yoyote, usivutwe na rangi ya tailizi. Uliza hiyo kona. Kila tundu linalotoa maji liwe nayo: sinki la choo, sinki la kunawia, na lile tundu la sakafuni ambalo mafundi wavivu huliunganisha moja kwa moja kwenye bomba kisha wenye nyumba wanalaumu watoto. Hapa matundu yote matatu yana maji yake. Nimepiga magoti nikanusa kila moja, mwenye nyumba akanitazama kwa mashaka, lakini kazi ni kazi. Safi! Tundu lisilotumika wiki kadhaa hukauka, hivyo mkisafiri mwagieni jagi la maji mrudipo na harufu itakoma. Nje, bomba la kupumulia limepanda mpaka juu ya bati, ili maji yanayokwenda kwa kasi yasinyonye yale ya kwenye kona.

Kutoka hapo bomba la inchi 4 linaelekea kwenye chemba, kisha kwenye karo la vyumba viwili, kisha shimo la kunyonya. Mteremko wake ni kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita; ukipungua hapo uchafu unaganda. Na kisima cha nyumba kiko juu ya kilima, mbali zaidi ya zile mita 30 ambazo mabwana afya hutaka. Furaha ya chumbani huharibiwa na shimo lililochimbwa mahali pabaya, kwa hiyo nimetembea mpaka huko nikahesabu hatua.

Kasoro: nimewasikia

Turudi kwenye yale maneno ya sebuleni. Hili ndilo doa la masta hii na la nyumba nyingi mno za siku hizi. Ukuta kati ya bafu na sebule umepanda vizuri mpaka usawa wa linta, ukaishia hapo. Juu yake kuna silingi bodi, na juu ya silingi bodi kuna uwazi mmoja unaozunguka nyumba nzima. Sauti inapanda, inatembea darini, inashuka kwa jirani. Nilisikia chai ikimiminwa. Basi na wao wangesikia yangu.

Dawa ipo na ni tofali tu: ukuta wa masta upandishwe mpaka ukutane na bati kabla dari halijafungwa. Mistari michache ya tofali! Mwenye nyumba amekubali kuipandisha upande wa sebule, kwani dari la huko halijapigwa rangi. Pia ningehamisha kichwa cha kitanda, ningeweka kabati la nguo kwenye ukuta unaopakana na watu. Nguo zikijaa kabatini hunyonya sauti vizuri kuliko mapambo yoyote. Na redio, nasema kwa unyenyekevu, ni kifaa cha faragha. Iwekwe sebuleni, iwashwe.

Doa la pili ni swichi ya taa, ambayo iko ndani ya bafu karibu na maji, wakati ingekaa nje ya mlango. Doa la tatu ni dirisha: limepewa ukubwa mzuri wa kukausha unyevu, lakini kimo chake kinamwezesha mtu anayerudisha ng'ombe jioni kukusalimia ukiwa na povu. Likipandishwa juu ya vichwa, au likipewa vioo vya kulala vinavyotazama juu, mambo yameisha. Haya yote hayanipunguzii furaha hata kidogo. Ni makosa ya siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo ya kuyasema.

Mkwe akija

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nipige simu kwa watu usiku. Choo cha wote cha nyumba hii hakifunguki koridoni. Kinafungukia barazani! Unatoka sebuleni, unapita barazani, unaingia. Hupiti vyumba vya kulala, hupiti jikoni.

Msomaji wa Tarime ameshaelewa. Baba mkwe wa Kikurya anaheshimiana na mkamwana wake kwa umbali. Hasogelei chumba chake cha kulala, hataki kukutana naye akiwa na khanga moja na ndoo ya kuogea, na mkamwana naye anajua pa kupita na pa kutopita. Katika jamii nyingi kuzunguka Ziwa Victoria, wazo la wawili hao kupokezana mlango mmoja wa choo, mmoja anatoka na mwingine anaingia, linatosha kumfanya mzee aage kabla chai haijaiva. Ukijenga nyumba ya kisasa yenye choo kimoja katikati ya korido, umemwambia baba yako asije kulala kwako, ingawa hukutamka neno.

Watu husema masta ni tabia ya kigeni ya kujitenga. Mimi nasema watazame boma la Kikurya la zamani. Kila mke alikuwa na nyumba yake. Vijana waliokwisha kutahiriwa walihamia kwenye nyumba yao. Zizi liko katikati, na kila mlango unajua unatazamana na nani. Faragha ilikuwepo, tena ya kupangwa, ila ilitumia ardhi: ulitenganisha watu kwa kutenganisha majengo. Leo ardhi imegawanywa kwa wana na wajukuu, bati ni ghali, na tofali haliji bure. Wote tunaingia chini ya paa moja lenye vyumba vinne. Kilichokuwa umbali wa uwanja mzima sasa kinapaswa kutoshea kwenye unene wa ukuta na mahali mlango unapofungukia. Masta ya Itiryo imefanya hivyo: wazazi wana upande wao, mabinti wana chumba kilicho karibu na choo cha ndani, mgeni ana baraza lake. Ni boma lilelile limekunjwa likaingia ndani ya kuta nne.

Hata Pwani hawatushangai. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilipangwa hivyohivyo: kadiri unavyotoka mlango wa nje ndivyo unavyoingia sehemu za ndani zaidi za familia, na huko ndani kabisa kulikuwa na choo na birika la maji, ambamo walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Magofu ya Gede karibu na Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, yameonyesha vyoo ndani ya nyumba za watu walioishi huko karne nyingi kabla hatujazaliwa. Na Sultani Sayyid Said alimjengea mke wake wa Kiajemi bafu zima la mawe kule Kidichi, Unguja, mwaka 1850. Basi anayedai kwamba choo cha ndani ni mambo ya wazungu, amekosea bara na amekosea karne.

Wanaofaidi zaidi

Picha ya masta kwenye simu huonyesha bwana na bibi wenye taulo jeupe. Niliyoyaona mimi ni mengine. Usiku wa masika, mvua inapiga, njia ya choo cha nje ni tope na giza, mbwa wa jirani wamefunguliwa. Mwanamke mjamzito anatoka mara tatu. Bibi anatoka akishika ukuta. Binti aliye katika siku zake anasubiri kila mtu alale ndipo aende kufua. Kwa hao faragha ni usalama kwanza, starehe baadaye. Nchi yetu imepigia kelele vyoo kwa muda mrefu, tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ambapo watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio na wengi wakaenda kuchimba mashimo, mpaka kampeni ya Nyumba ni Choo iliyomzungusha msanii Mrisho Mpoto mikoani. Tulihimizwa tuwe na choo. Ni wakati wa kuuliza nani anakifikia saa nane za usiku, na anapita mbele ya nani.

Kwa hiyo maoni yangu, na wenye familia wanune wakitaka: kama una hela ya chumba kimoja tu chenye choo chake, usikimbilie kukipa baba mwenye nyumba. Mpe bibi. Baba ana miguu, ana tochi, ana koti. Akizeeka, zamu yake itafika na chumba kitamkuta tayari.

Na choo cha shimo cha nje? Wenye nyumba hii wamekiacha kimesimama, wamekiwekea bomba refu la hewa lenye wavu wa nzi juu, na mlango mpya. Nimewapongeza zaidi ya walivyotarajia. Msibani, arusini, siku za tohara, watu mia wako uwanjani. Hakuna simtanki litakalowamudu, wala hakuna mama anayetaka mia hao wapite kwenye zulia lake. Choo cha nje ndicho kinachoilinda masta ibaki masta.

Hukumu

Mlango: bora. Maji: bora sana ukiheshimu kitufe kidogo. Ndoo ya moto yenye kapi: nimekosa neno, naomba mnunue kamba leo. Harufu: hakuna. Sauti: dhaifu, inatibika kwa tofali. Dirisha na swichi: virekebishwe kabla ya Krismasi, maana wageni watakuja. Mpangilio wa milango mitatu, mmoja wa chumbani, mmoja wa barazani, mmoja wa uwanjani: sijawahi kuona mzuri kuliko huu kwenye nyumba ya kijijini, na nimezichungulia nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Ninamshauri nani ajenge? Mwenye gata na tanki kabla ya tailizi. Mwenye nafasi ya karo mbali na kisima. Mwenye wakwe, yaani kila mtu. Asiye na uhakika wa maji aanze na choo kizuri cha nje, aache tundu la bomba ukutani, masta itafuata. Na wewe ambaye boma limesimama, bado hujapaua, chukua chaki sasa hivi uende ukachore mlango wa kila choo sakafuni, kisha mwite mama mkwe, mwite bibi, mwite binti mkubwa, waambie watembee. Watakapokutana pasipostahili, futa uchore upya. Leo mlango unahama kwa chaki. Tailizi zikishakaa, utauhamisha kwa nyundo.